Orodha, sanduku na kamba: kusaidia familia katika shehia za Pemba

Mradi wa kusaidia familia masikini huharibika mapema sana, siku orodha inapoandikwa. Kamba za mwani zikikatika hununuliwa nyengine, mkopo ukichelewa hudaiwa, lakini watu wakishaamini kwamba majina yalipangwa, hakuna kikao kitakachowarudisha. Ndiyo maana tunawaomba wafadhili wasituharakishe hapo.

Orodha ya sheha peke yake haitoshi, hata awe mwadilifu vipi. Sheha ni mteule wa serikali, na Pemba siasa huingia mpaka kwenye mgao wa unga. Tafuta orodha tatu, kila moja iandikwe bila kuonana na nyengine: ya sheha, ya imamu au mwalimu wa madrasa, na ya wanawake wa kikundi cha hisa (cha kuweka akiba na kukopeshana) cha hapo hapo. Jina lililomo katika zote tatu lipite. Lililomo katika mbili, familia itembelewe. Lililomo katika moja tu ndilo la kuulizia zaidi, maana huko ndiko anakopatikana mtoto mwenye ulemavu asiyetolewa nje, au mama aliyeachwa akarudi kwa ndugu zake na watoto, ambaye kwenye daftari bado ni mke wa mtu wa shehia nyengine.

Vigezo vitangazwe wazi, msikitini na kwenye vikao vya wanawake: milo mingapi kwa siku, wategemezi wangapi, nani ana kipato, paa likoje, kama wana shamba au mikarafuu. Majina yasisomwe hadharani. Watu wana sitara zao, na aliyelala na njaa jana hataki kuitwa mbele ya kadamnasi. Pingamizi zipokewe kwa faragha ndani ya siku 7, na mjumbe wa kamati ambaye ndugu yake yumo atoke nje jina hilo linapojadiliwa. Picha ya mtu akipokea gunia la mchele isipigwe, hata mfadhili akiiomba kwa ripoti. Piga picha ya risiti na ya daftari.

Na tathmini usiifanye msimu wa karafuu. Wakati huo hata asiye na mkarafuu mmoja hupata chochote kwa kuchuma au kuchambua, na dodoso litakuonyesha kijiji kisicho na masikini. Nenda wakati wa masika, mvua zikiwa zimeshika.

Wanaoachwa kirahisi ni waliohamia. Asiye na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi mara nyingi hata hatajwi. Hili linauma zaidi Pemba, kisiwa kinachoujua ukimbizi: baada ya mauaji ya Januari 26 na 27, 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani, zaidi ya watu 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Kwa hiyo sharti la uenyeji liondolewe. Inatosha kuwa familia inalala hapa na majirani wawili wanaijua. Zaka nayo, katika mafungu yake manane, ina fungu la msafiri aliyekatikiwa njia, kwa hiyo kamati isiseme fedha hizo ni za wazaliwa tu. Wakimbizi wanaotambuliwa kisheria ni jambo jengine. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawaweka katika maeneo yaliyotengwa, kama kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma iliyofunguliwa 1996, na mchango kwa ajili yao kutoka visiwani upitie mashirika yenye kibali cha kufanya kazi huko.

Kabla ya kutoa mtaji wowote, familia ziingie katika kikundi cha hisa cha watu 15 hadi 25, zichanganyike na majirani wenye nafuu kidogo, kwa sababu kikundi cha wasio na kitu watupu hakikusanyi. Sanduku liwe la chuma, kufuli 3, funguo kwa watu 3 wasio wa nyumba moja, na sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne. Hisa ikiwa Sh 1,000, na kila mtu akiruhusiwa kununua 1 hadi 5 kwa wiki, watu 20 wataweka kati ya Sh 20,000 na Sh 100,000 kila kikao. Mfuko wa jamii ukae katika mkoba wake peke yake, kwa msiba, ugonjwa na uzazi. Mwaka ukitimia wanagawana, sanduku linabaki tupu, wanaanza upya. Mgao ukiangukia kabla ya skuli kufunguliwa, unasaidia mara mbili.

Wengi hukwama kwenye riba, na wana haki. Kikundi kinachotoza asilimia juu ya mkopo kitawapoteza wacha Mungu, nao mara nyingi ndio waaminifu wa kulipa. Badala yake kikundi kinunue bidhaa chenyewe, tuseme cherehani ya Sh 250,000, kiipokee mikononi mwake, kisha kimuuzie mwanachama kwa Sh 280,000 kwa awamu 7 za Sh 40,000. Bei ikishakubaliwa haipandi, hata akichelewa. Faini ya kuchelewa, kama ipo, iende sadaka, isiingie kwenye faida. Kosa linalorudiwa ni kumpa mtu fedha mkononi akanunue mwenyewe, halafu daftari liandike "biashara". Hapo riba imerudi kwa mlango wa nyuma na kila mtu anajua.

Kwa familia za pwani, mtaji wa kwanza huwa mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja 1989, upande wa Paje na Jambiani, na sasa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba. Hesabu ya kuanzia: kamba 50 za mita 5, vigingi 100, na taitai (vikamba vya kufungia mbegu) 20 kwa kila kamba, yaani moja kila sentimita 25. Mbegu ya gramu 100 kwa kila taitai inafanya kilo 100. Vigingi vikatwe mvinje, mikoko iachwe. Baada ya wiki 6, kila fundo likifika nusu kilo una kilo 500 mbichi. Toa kilo 100 za mbegu, zilizobaki zikikauka ni kilo 50 hivi. Zidisha kwa bei ya mnunuzi kabla hujamwahidi mjane chochote.

Msimu wa upepo wa kaskazi, maji ya kina kifupi huwa moto, matawi yanageuka meupe na kukatika. Mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, hufa kwanza. Aina ya spinosum huvumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Ukiona weupe, vuna mara moja bamvua hilo hilo (siku maji yanapokupwa sana), kausha kilicho kizima, usisubiri wiki ya 6. Masika kukausha ni shida, na mwani ulioanikwa mchangani hupunguzwa bei, kwa hiyo bajeti iwe na vichanja na turubai. Awamu za madeni nazo zipungue miezi hiyo.

Kamba ziwe mali ya mkulima tangu siku ya kwanza. Mnunuzi akizitoa yeye, mkulima hufungika kumuuzia yeye kwa bei yake, na msaada wote wa jumuiya unakuwa umemtajirisha mtu wa kati. Andika hati ya ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti, kila mmoja abaki na nakala.

Wafadhili wengi sasa wanataka kuhamishia mwani kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi. Ni wazo zuri, ila wakulima wengi ni wanawake na wengi wao hawajui kuogelea. Bajeti ya boti isipitishwe kabla ya kuwepo makoti ya kuokolea na mwalimu mwanamke wa kuogelea, na wanawake wenyewe wachague ufukwe wenye sitara wa kujifunzia.