Nilivyojihesabia kipimo cha h kabla ya kujaza fomu ya kupandishwa cheo

Fomu nyingi zina kisanduku kimoja tu cha kujaza h, na hazisemi h ya wapi. Ukiwa na h ya 7, maana yake una makala 7 ambazo kila moja imenukuliwa na wengine mara 7 au zaidi. Mtafiti yuleyule, siku ileile, anaweza kuwa na 11 Google Scholar, 8 Scopus na 7 Web of Science, na zote zikawa sahihi. Kila hifadhidata huhesabu nukuu zilizomo kwenye machapisho iliyoyakusanya yenyewe. Google Scholar huzoa hata tasnifu, ripoti na rasimu. Hizo nyingine mbili huchagua majarida. Ndiyo maana sikuanza na namba. Nilianza kwa kusafisha orodha ya makala, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hesabu haizidi nusu saa.

Scopus humpa mwandishi namba ya utambulisho bila yeye kuomba. Ikikuta jina limeandikwa kwa mpangilio mwingine, au taasisi imebadilika, inaweza kukufungulia wasifu wa pili. Kwa hiyo nilijitafuta kwa majina mawili, kwa matatu, kwa herufi za kwanza tu, na kwa kugeuza jina la mwisho likae mbele. Kila wasifu uliokuwa wangu niliuweka alama, nikaomba uunganishwe na ule mkuu. Mwishowe niliuunganisha na ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti. Namba hiyo ya tarakimu 16 haihesabu nukuu wala haikupandishi popote. Kazi yake ni kukutofautisha na wenye jina kama lako.

Google Scholar ina ugonjwa wa upande mwingine: hukubebesha makala za watu wengine. Kwenye mipangilio nilizima uongezaji wa moja kwa moja, nikachagua kuletewa barua pepe nikague kwanza. Tena makala moja huweza kukaa mara mbili, rasimu peke yake na toleo la jarida peke yake, kila moja na nukuu zake. Weka alama zote mbili, kisha unganisha. Usifute moja, maana ukiifuta inaondoka na nukuu zake.

Baada ya hapo nilifungua Excel. Safu ya A ni namba ya mstari, safu ya B ni idadi ya nukuu, kubwa juu. Kanuni ya Jorge Hirsch ya mwaka 2005 ni nyepesi: shuka hadi mstari wa mwisho ambao B bado ni sawa na A au zaidi. Chukua orodha hii:

41, 30, 18, 12, 9, 9, 8, 7, 4, 3, 1, 0

Makala ya saba ina nukuu 8, imepita. Ya nane ina 7, imekwama. h ni 7. Sasa tuseme ile yenye 7 na ile yenye 3 ni makala moja iliyogawanyika. Zikiunganishwa zinakuwa 10, orodha inajipanga upya 41, 30, 18, 12, 10, 9, 9, 8, 4, 1, 0, na h inakuwa 8. Hakuna aliyeandika kitu kipya! Idadi ya makala zenye nukuu 10 au zaidi, ile Google Scholar inayoiita i10, nayo imetoka 4 hadi 5.

Kujinukuu, yaani mwandishi kunukuu makala zake mwenyewe, nilikuweka kando. Scopus ina chaguo la kuondoa kujinukuu kwenye muhtasari wa nukuu, na Web of Science huonyesha jumla bila kujinukuu. Google Scholar haikupi njia hiyo. Kwenye mfano wetu jumla ni 142. Kama 20 kati ya hizo ni za kujinukuu, hiyo ni asilimia 14, na mara nyingi zinazoumia ni makala zilizo karibu na mstari wa h. Ile ya nane ikishuka kutoka 8 hadi 5, umerudi 7. Niliandika namba zote mbili, maana mkaguzi makini atazitafuta tu.

Wapo wanaojaza kipimo cha athari cha jarida kana kwamba ni chao. Hicho ni cha jarida: nukuu zilizopatikana mwaka 2023 kwa yale lililochapisha 2021 na 2022, kugawanya kwa idadi ya makala zake za miaka hiyo miwili. Makala chache hubeba mzigo wa nyingine zote, hivyo wastani huo haukuambii lolote kuhusu makala yako.

Halafu kuna ile orodha ya "asilimia 2" ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi duniani, inayotokana na kazi ya John Ioannidis na wenzake kwa data za Scopus. Haitumii h peke yake. Huchanganya vipimo sita: jumla ya nukuu, h, h iliyorekebishwa kulingana na idadi ya waandishi, na nukuu za makala ulizoandika peke yako, ulizokuwa peke yako au wa kwanza, na ulizokuwa peke yako, wa kwanza au wa mwisho. Kila kimoja hupitishwa kwenye logi (logariti) na kugawanywa kwa logi ya aliye juu kabisa, kwa hiyo alama ya juu ni 6. Ndiyo maana mwenye h kubwa aliyekaa katikati ya majina 40 kila mara anaweza kukosekana. Ukijikuta humo, taja kama ni jedwali la maisha yote ya kazi au la mwaka mmoja, na kama kujinukuu kumeondolewa.

Kwenye kisanduku chenyewe niliandika hivi: "h = 8, Scopus, pamoja na kujinukuu; 7 bila kujinukuu", na tarehe ya siku hiyo. Nikaambatisha jedwali la Excel na picha ya skrini. Namba hizi hushuka pia, hasa Google Scholar inapofuta nakala zilizojirudia, na fomu inaweza kusomwa miezi sita baadaye.