Nilivyounga padi ya PS4 kwenye kompyuta bila waya

Jamani hii padi ya kuchezea gemu imenisumbua siku mbili hapa Ngamiani, nawasha blututhi ya kompyuta, nabonyeza kitufe cha PS pale katikati, taa inapepesa kidogo inazima, kompyuta haioni kitu. Kumbe ukibonyeza PS peke yake padi inaitafuta mashine ya PS4 iliyozoea, na ile iko kwa mdogo wangu Chumbageni. Dawa yake: izime, halafu shika kitufe cha Share na cha PS kwa pamoja usiachie mpaka taa ya mbele ipepese harakaharaka mbilimbili, hapo kwenye orodha ya blututhi inatokea Wireless Controller, chagua hiyo. Gemu moja ilikuwa bado haiisikii, nikaingia Steam, ile programu ya gemu kwenye kompyuta, mipangilio ya padi, nikawasha ya PlayStation, ikakubali palepale, yaani raha mno.