Hewa iingie kwa mlango mmoja

Duka langu la kuchapisha na intaneti liko Kaptembwa, hapa Nakuru, na ukuta wetu mmoja tunagawana na poshomili. Mbele ni barabara ya murram. Kuanzia Januari mpaka mvua ndefu zikubali kunyesha, kila bodaboda inayopita inatuachia vumbi lake mlangoni. Udongo wetu una majivu ya volkano ya zamani, laini mno, na ukirushwa hauna haraka ya kutua. Sasa changanya huo na unga wa mahindi unaopenya juu ya ukuta. Ukifungua kompyuta ya hapa unakuta, kati ya feni ya prosesa na mapezi ya kipozeo, kile chuma kinachoondoa joto la prosesa, blanketi la rangi ya kahawia ambalo unalibandua kwa vidole kipande kizima. Linanuka ugali ulioungua. Nikimwonyesha jirani yangu wa poshomili anacheka: “Mama Saiba, si hiyo ni ya mbuzi?”

Mashine zetu nyingi ni za mtumba kutoka Uingereza. Zilitengenezewa ofisi yenye zulia na madirisha yaliyofungwa, na nyingi zimepangwa hivi: feni ya nyuma inatoa hewa, ya pawasaplai, lile boksi linaloilisha mashine umeme, inatoa hewa, mbele hakuna kitu. Hewa ikitolewa, nyingine lazima iingie, nayo haichagui njia. Inapitia mwanya wa DVD, matundu ya USB, pengo la kadi iliyong'olewa zamani. Kila pengo ni mlango wa vumbi. Mafundi wengi, wakiambiwa mashine inachemka, wanaongeza feni nyingine ya kutoa. Joto linashuka kwa muda, halafu vumbi linaingia kwa kasi zaidi kuliko mwanzo.

Mimi nimegeuza hesabu. Mbele nimefunga feni mbili za milimita 120 zinazoingiza hewa, nilizong'oa kwenye mashine zilizokufa, na nyuma nimeacha ile moja ya zamani. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, ile ziada inajisukuma yenyewe nje kupitia mapengo yote yaliyobaki. Kwa hiyo sihangaiki kuyaziba kwa selotepu. Kuhusu upande wa kufunga: hewa hutokea upande wenye ile miguu ya plastiki inayoshikilia mota. Feni nyingi pia zina mshale mdogo pembeni.

Chujio ni soksi ya stokingi. Chandarua kina matundu makubwa, unga unapita kama hakuna kitu. Sponji nene nayo inaikaba feni. Stokingi ivutwe tabaka moja tu, kwa sababu chujio lolote linapunguza nguvu ya feni, na ukiikaba sana unarudi kulekule, nyuma inashinda mbele. Ya kwangu nimeibandika kwenye fremu ya katoni, na pembeni nimeweka ukanda wa sumaku kutoka kwenye raba ya mlango wa friji mbovu. Mafundi wa friji wanaitupa hiyo. Ukitoa uso wa plastiki wa kasha, ukanda unajishika wenyewe kwenye bati.

Kupima ni rahisi: washa dawa ya mbu, ile ya duara, ukaisogeze karibu na mwanya wa DVD mashine ikiwa inafanya kazi. Moshi ukivutwa ndani, bado feni za kutoa zinashinda. Ukisukumwa kando, umefaulu.

Kipimo changu kingine ni Juni. Tarehe 30 ni mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, na duka linajaa kuanzia asubuhi. Zamani mashine ya kaunta ilikuwa inagonga digrii tisini na kitu. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia 100 hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue, na mteja anadhani ni mtandao. Sasa inacheza kwenye sitini na kitu. Tena hapa tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ileile inaondoa joto pungufu kuliko vile ingeondoa huko chini.

Wale wanaoacha ubavu wa kasha wazi “ipumue” sikubaliani nao. Hewa inakosa njia ya kufuata na vumbi linatua kila mahali. Wanaotupa ile kofia ya plastiki inayoelekeza hewa kwenye kipozeo ndio wananimaliza kabisa.

Bado nasafisha, ila kwa nadra. Natoa mashine nje, leso puani, brashi ya rangi na blowa. Feni naishika kwa kijiti isizunguke, maana kuikimbiza kwa upepo kunaumiza beringi. Kompresa ya fundi wa pancha siitumii. Tangi lake lina maji, na yanatoka na upepo. Pawasaplai siifungui, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa kukurusha. Napuliza kwa nje basi.

Stokingi naiosha kwa sabuni Jumamosi jioni. Msimu wa mvua haikauki haraka, kwa hivyo nina fremu ya pili, na mbichi hairudi kwenye mashine hata kama foleni imefika barabarani.