Tabora ya Delhi

Januari 2014 nilimpeleka mama Delhi kutibiwa moyo. Treni aliyoijua yeye ni moja tu, ile ya reli ya kati iliyofika kwetu Kigoma mwaka 1914, ambayo aliipanda miaka mingi akipeleka dagaa na mawese Tabora.

Tulipanga chumba Malviya Nagar. Siku ya tatu baridi ilimzidi, nikaamua twende katikati ya jiji tukatafute sweta. Stesheni ya metro, treni ya mjini, iko chini ya ardhi. Mnapekuliwa kwanza, wanaume mstari wao, wanawake wao. Tiketi yenyewe wakati ule haikuwa karatasi, ilikuwa kidude cha plastiki, cha duara, chepesi kama kifungo cha koti. Ulikigusisha kwenye mashine, njia ikafunguka, halafu ukakitunza mpaka unakoshukia, maana bila hicho hukutoka. Mama alikifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili.

Behewa la mbele kabisa ni la wanawake peke yao. Mengine yalifurika watu, naye miguu ilikuwa imevimba, nikaona bora akakae kule.

"Mama, ukisikia Rajiv Chowk, shuka. Mimi niko behewa la nyuma yako."

"Rajiv Choki," akarudia polepole, mara tatu.

Rajiv Chowk ndipo njia ya njano na ya buluu zinapokutana, na wanaopanda hawawangoji wanaoshuka. Nilitolewa nje na msukumo wa watu. Nilipofika mbele milango ilikuwa imeshafungwa. Niliiona khanga yake nyekundu dirishani, yeye amekaa katikati ya wasichana wa chuo, kisha giza la pango likaimeza treni. Treni yetu husimama Kaliua mtu akateremka, akapatana bei ya asali na kurudi kwenye kiti chake. Ile haikungoja hata dakika. Mama hajui Kihindi wala Kiingereza, na simu aliiacha chumbani kwa kuwa haikuwa na laini ya huko.

Nilipanda iliyofuata nikasimama mlangoni, nikimwomba Mungu kwa Kiha, kwa sauti. Kituo kimoja tu mbele, New Delhi, nikashuka nikikimbia.

Alikuwa kwenye benchi, mwisho kabisa wa jukwaa, pale behewa lake liliposimama. Msichana mmoja alikuwa amesimama kando yake, kamshika bega. Aliponiona alimwachia, akaunganisha viganja kutuaga, akaenda zake. Nasikitika mpaka leo kwamba sikumshukuru.

"Walivyomiminika pale nikajua hii ndiyo Tabora yao," mama alisema. "Miguu ndiyo iliyochelewa. Nilikuwa nakwambiaje Tabora?"

Nilikuwa na miaka saba. Pale Tabora treni hukatwa, mabehewa ya Mwanza yaende kwao na ya Kigoma yaje kwetu, na mtoto akizubaa amepotea.

"Nikikupoteza nisikutafute, Mama. Nikae palepale."

"Basi. Nimekaa."

Uso ulikuwa umetulia kabisa, mimi ndiye niliyetetemeka. Tukarudi kituo kimoja, tukapanda ngazi hadi mashine za kutokea, nikamwomba kile kidude. Akanipa pindo la khanga nimfungulie.

Mafundo yalikuwa matano, na la mwisho nililifungua kwa meno.