Kaprojekta ka betri, uani kwetu Ngamiani

Mwezi wa tatu huu naishi na kaprojekta kadogo ka betri, kopo la maziwa ya unga linakazidi, na kila anayekaona swali lake ni hilohilo, eti na mi ninunue? Namuuliza kwanza, we unataka kuangalia saa ngapi?

Maana Tanga hapa giza linaingia kwenye saa moja mwaka mzima, na kabla ya hapo haka kadude ni pambo tu. Kangu kana lumeni 200 za ANSI (lumeni ni kipimo cha mwanga, ANSI ni kwamba zimepimwa kwa njia maalumu inayojulikana), na hilo neno ANSI ndo la kulitafuta, kuna maboksi yameandikwa lumeni 9000 kwa maandishi makubwaa bila kusema zimepimwaje, ukiwasha unakutana na kibatari. Na ukiongeza picha kutoka inchi 60 hadi 120 mwanga uleule unatandazwa eneo mara nne, kwa hiyo usidanganywe na sifa za ukubwa. Halafu "inasapoti 1080p", ile picha kali ya HD, maana yake inaipokea tu hiyo video, kioo chake ndani kinaweza kuwa 480p, picha hafifu zaidi. Uliza rezolusheni yake halisi, yaani wingi wa nukta zinazochora picha.

Sasa betri. Boksi linasema masaa mawili na nusu, sawa, ila ukiwa umepunguza mwanga. Mwanga wote ni lisaa na nusu, labda na dakika chache. Mechi ni dakika 90, mapumziko 15, bado za nyongeza, piga hesabu mwenyewe, mi sikupiga.

Umeme ulikatika mtaa mzima, nikaona leo ndo leo. Mkeka chini, kaprojekta juu ya kinu kilichopinduliwa, shuka jeupe la mama nimelibana kwa vibanio kwenye kamba ya kuanikia, mechi naivuta kwa bando la simu, waya mpaka kwenye projekta. Majirani wakajaa, watoto mbele kabisa, banda umiza la bure. Upepo ukija shuka linajaa kama tanga la ngalawa, mshambuliaji anaota kitambi, watu hoi kwa kucheka. Kumbikumbi mmoja akitua kwenye lenzi kivuli chake kinameza goli zima. Yaani raha ambayo tivii ya ukutani haijawahi kunipa.

Dakika ya 78, pyuu, giza.

Shangazi akasema taratibu tu, "Mwanangu, si ungesema mapema tuchange mafuta ya jenereta."

Nikanunua pawabenki, ile ya mwanzo ya wati 10 haikufua dafu, imechomekwa na chaji inashuka hivyohivyo, ikabidi nitafute ya wati 65. Inafanya kazi, ila nzito kama tofali na pesa ilinitoka, sasa ule wepesi niliounulia projekta sijui umeishia wapi. Na spika ya bluetooth utahitaji, ya ndani inashindana na feni yake yenyewe, japo bluetooth nayo sauti huchelewa kidogo, mtu anafunga mdomo ndo maneno yanafika. Mi natumia waya.

Tivii usiuze. Ila kama una ua na majirani wako wanapenda mpira, nunua. Changu hakiuzwi, na dogo uliyenifuata inbox mara tatu nimekuona.