Siku Moja Maishani Mwangu: Mkeka Wangu Ukisubiri Majaji Ngongo

Watu wengi wakiona mkeka wa ukindu umetandikwa kwenye shughuli, wanaona kitu cha kukalia tu. Mimi ni msusi wa mikeka wa Mingoyo, mkoani Lindi. Kazi hii nimefundishwa na marehemu bibi yangu mzaa mama, inanilisha na imesomesha wanangu. Leo nawaandikia siku moja ya kazi hiyo, siku niliyopeleka mkeka kushindanishwa kwenye maonesho ya Nane Nane, viwanja vya Ngongo, pale ambapo sisi wa Lindi na wenzetu wa Mtwara tunakutana kila Agosti kama Kanda ya Kusini.

Saa kumi na moja alfajiri

Nimeshaswali. Nawasha taa ya sola, nautandika mkeka sebuleni na kupitisha wembe mara ya mwisho upande wa nyuma. Hii kazi ya kunyoa wengi hawaijui. Unaposuka ukili, yaani ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, kila chane, kipande chembamba cha jani, inapoisha unaunga nyingine, na kila kiungo kinaacha kijincha kinachochomoza. Mkeka mkubwa una vijincha visivyohesabika. Ukiviacha vinachoma miguu ya mtoto anayetambaa. Ukivinyoa kwa pupa unakata ukili wenyewe, na hapo umeharibu kazi ya wiki nzima.

Ukindu wa mkeka huu niliuanika tangu mvua zilipokatika mwezi wa tano. Tunakata kuti changa ambalo halijafunguka, moyo wa mkindu hauguswi, maana ukiugusa mti unakufa. Kuti linaanikwa mpaka liwe jeupe, linachanwa, halafu zile chane zinazotakiwa rangi zinachemshwa. Nyekundu na zambarau ni rangi za unga za dukani. Nyeusi nimeipika mwenyewe kwa mizizi ya mti wa mdaa, kama alivyokuwa akifanya bibi, kwa sababu nyeusi ya mdaa haikimbii. Baada ya hapo ndipo unakaa chini na kusuka ukili, pima kwa pima, kisha unaushona ukingo kwa ukingo mpaka upate upana. Mashine haiingii popote, ni vidole, meno na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka.

Saa kumi na mbili na nusu

Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi. Konda anataka mzigo wangu ulipe nauli ya mtu mzima. Namwambia mkeka umekunjwa, unakaa juu ya keria, haukai kwenye siti. Tunaelewana nusu nauli. Vikapu, kawa za kufunikia chakula na vifumbu vya kuchujia tui nimevipakata mwenyewe, kwa sababu kawa ikishaminywa hairudi umbo lake.

Saa mbili asubuhi hadi saa sita

Nafika, nasaini daftari, nafuta vumbi, napanga meza, nabandika lebo na bei. Jirani yangu wa kulia anauza mafuta ya ufuta na korosho za kubangua, wa kushoto ni kaka mmoja mchongaji wa mpingo kutoka upande wa Newala. Asubuhi watu wengi wanakimbilia banda la TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kutazama miche ya mikorosho. Huu ni msimu wa mikorosho kutoa maua, na kila mkulima ana swali lake kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nauza vifumbu kwa kina mama wanaojua kwamba tui la nazi likichujwa kwa kifumbu ni zito kuliko la chujio la plastiki, nauza vipepeo vya kupepea, nauza kawa mbili. Wenye pesa za ufuta wapo na wananunua bila maneno mengi. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo.

Saa sita mchana

Tulishaambiwa kwamba majaji wa bidhaa za mikono watapita mchana, na kwamba kitu kilichoandikishwa kwenye mashindano hakitolewi bandani kabla hawajakiona. Mabanda ni mengi, kwa hiyo unasubiri zamu yako. Nimeutandika mkeka juu ya meza mbili zilizounganishwa, pindo limening'inia mbele ili rangi zionekane.

Akaja baba mmoja na mkewe, na mama mtu mzima ambaye nadhani alikuwa mama yake. Wametoka Dar es Salaam, wamepita kusalimia ndugu Lindi. Nikamwamkia mama, shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Yule baba hakusalimu. Akaushika mkeka pindoni.

"Mama, huu bei gani?"

"Elfu themanini, kaka yangu. Ila huu umeandikishwa kwenye mashindano, hautoki mpaka majaji wapite. Ukiupenda nakuwekea jina lako."

"Themanini? Kwa majani?"

Nikamjibu kwa utaratibu. Nikamweleza kukata, kuanika, kuchana, kuchemsha, kusuka na kushona. Akasema majani yanaota bure porini. Nikamwambia ni kweli hayauzwi dukani, lakini hayajileti nyumbani. Tunayafuata mabondeni, na mabonde karibu na kwetu yanafyekwa kila mwaka kwa bustani na mpunga, kwa hiyo tunakwenda mbali zaidi kuliko alivyokwenda bibi. Akaniambia Kariakoo kuna mikeka ya plastiki ya elfu kumi na tano, mizuri, inafuliwa kwa sabuni. Nikamwambia ni kweli, ipo, na anayetaka ya plastiki akanunue ya plastiki. Huu haupati joto mchana, hautelezi, na mgonjwa akilalia haumchubui.

Akapanda arobaini, pesa taslimu. Nikakataa. Arobaini na tano. Nikakataa. Akaanza kutoa sauti, watu wakasimama kusikiliza. Halafu akauvuta mkeka chini, akautandaza kwenye vumbi na kuukanyaga na viatu vyake ili aone urefu.

Hapo nilitoka nyuma ya meza.

"Kaka, vua viatu au toka juu ya mkeka."

"Kwani mkeka si wa kukanyagwa?"

"Mkeka ni wa kukalia na kulalia, na mtu anavua viatu. Kwenu mnapanda mkekani na viatu?"

Mama yake alimwita kwa jina, mara moja, kwa sauti ya chini. Akatoka. Mimi na kaka wa mpingo tukauinua, tukaukung'uta, nikaufuta kwa kitambaa kikavu, na upepo wa kusi unavyorusha mchanga mwezi huu nilijua nitaufuta tena. Kifua kilikuwa kimenijaa. Natandika upya, na yeye bado amesimama pale pale.

Akaanza upya, safari hii kwa upole. Eti anipe elfu hamsini na tano, sasa hivi, aondoke nao, majaji nitawaambia umeuzwa. Kisha akasema neno ambalo limenikaa mpaka usiku: "Kikombe utakila, mama?"

Nilimjibu, na jibu hilo nawaandikia na ninyi, maana najua wengi mnajiuliza hivyo hivyo. Sikuja hapa kwa ajili ya kikombe cha kuweka kabatini. Kikundi chetu cha wanawake kikienda kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, tunaulizwa tunafanya nini na nani anaijua kazi yetu. Mwenye hoteli akitaka mikeka ya vyumba vyake anauliza hivyo hivyo. Cheti cha maonesho kinajibu swali hilo kabla sijafungua mdomo. Na zaidi ya cheti, mkeka huu unatazamwa na watu wanaotakiwa kuutazama kwa makini, wakiugeuza nyuma na mbele. Mara nyingi kazi yangu inapimwa na mtu anayetaka kuipunguza bei. Siku moja kwa mwaka inapimwa na mtu anayetaka kujua kama ni nzuri, na siku hiyo siiuzi kwa elfu hamsini na tano.

Nikaugeuza upande wa nyuma, nikamwonesha viungo vilivyonyolewa, nikamwambia apitishe kiganja. Hakupitisha. Mkewe ndiye aliyepitisha, akarudia tena, akatikisa kichwa. Akanunua kawa kubwa ya sinia kwa bei niliyoandika, akaniambia, "Dada, Mungu akubariki mikono." Yule baba alikuwa ameshageuka anaongea na simu. Wakaenda. Hakuandikisha jina.

Natamani mtu kama yule akae na mimi asubuhi moja tu, siku ya kuchana. Chane ya ukindu mkavu inakata kidole na hata hujui mpaka uone damu kwenye rangi. Unanyunyizia maji ili isivunjike, vidole vinakaa na unyevu siku nzima, na jioni viungo vinagoma kukunjika. Mgongo ndio usiseme. Msusi hukaa miguu imenyooka, ukili ameubana kwa kidole gumba cha mguu, saa na saa. Tunaanza tukiwa wasichana na tunaacha macho yanapokataa. Na bado tukikutana barazani jioni kusuka pamoja, mmoja anahadithia, mwingine anaimba, watoto wanaokota masalia wanasuka vijitanzi vyao. Hapo ndipo wanapojifunzia, hakuna darasa.

Baada ya adhuhuri

Saa nane ikapita. Saa tisa. Siwezi kuacha meza hata kwenda kula, kwa sababu majaji wakikuta banda halina mtu wanaendelea mbele. Jirani wa korosho akaniletea mihogo ya kuchemsha na kipande cha samaki, nikala nimesimama. Kipaza sauti kilikuwa kinaita, ngoma imeanza uwanjani, watu wamehamia huko, bandani tumebaki wenyewe na vumbi. Niliswali alasiri kwa zamu na kaka wa mpingo, yeye akaangalia meza yangu kwanza, kisha mimi yake. Nilifuta mkeka tena. Nikafuta tena.

Miguu ilikuwa imeshavimba walipokuja. Walikuwa watatu, na mmoja wao bibi wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni juu ya gauni. Yule hakuuliza bei. Aliushika ukili, akaukunja, akauachia kuona kama unarudi. Akavuta mshono kwa kucha katika sehemu mbalimbali, kwenye pembe hasa, kwa maana mshoni mvivu huharakisha kwenye pembe. Halafu akatoa kitambaa cheupe, akakilowesha maji kidogo, akasugua rangi moja baada ya nyingine. Nyeusi haikuacha alama. Zambarau iliacha kivuli. Akanitazama.

"Hii ya dukani, bibi," nikamwambia. "Nyeusi ndiyo ya mdaa."

"Nimeiona," akasema, akaandika.

Kijana aliyekuwa naye akaniuliza kuhusu ufungashaji, kwamba mteja wa mbali akinunua ataubebaje. Nikamwonesha mfuko mrefu wa kanga kuukuu niliokuwa nimeushona wenye mkanda wa begani. Akaupiga picha. Wa tatu akauliza kama naweza kutoa mikeka kumi inayofanana. Nilimwambia kweli: peke yangu siwezi kwa haraka, na kikundi tunaweza kama ukindu unapatikana, na kila mkeka utafanana na wenzake kwa vipimo na rangi lakini mkono wa msusi utaonekana. Bibi akacheka, akasema hilo halina ubaya. Wakahamia kwenye mpingo. Hawakukaa sana. Kwangu mimi ulitosha muda ule, maana hakuna mahali walipogusa ambapo hapakustahili kuguswa.

Jioni

Jua limeelekea kuzama tunafunga. Mkeka unabaki bandani chini ya mlinzi, matokeo yanasomwa tarehe 8, Sikukuu ya Wakulima yenyewe. Kwenye daladala nililala nimesimama. Nilipofika nyumbani binti yangu alikuwa ameshapika ugali na kisamvu, nikala, nikahesabu mauzo: nikitoa nauli, mchango wa kikundi na pesa ya rangi niliyokopa, kilichobaki ni kidogo, lakini ni changu na sidaiwi.

Kama unakuja Ngongo na unataka mkeka, usianze na bei. Ugeuze nyuma kwanza, pitisha kiganja. Vuta mshono kwenye pembe. Sugua rangi kwa kitambaa chenye maji, na msusi akikukataza usinunue kwake. Ukimaliza hayo ndipo uulize bei, na ukiona ni kubwa sema huna, hatutakasirika. Usituambie ni majani.

Kabla ya kulala nimelowesha chane nyingine ndani ya gunia ili asubuhi ziwe laini. Kuna mwalimu wa Nachingwea ameacha oda ya kawa nne za sinia kubwa, ametanguliza nusu ya pesa, na anazifuata tarehe 8 mchana. Nitazisukia hapo hapo bandani kati ya mteja na mteja.