Siku moja maishani mwangu: binti aliyekuwa akichuchumaa

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya tangawizi, kisha napanda kilima cha Mulago kwenda hospitalini. Kampala haijaamka, hata bodaboda ni chache.

Saa 1:00 asubuhi, wodini. Binti wa miaka 5 kutoka Busia, midomo kama aliyetoka kula zambarau, ncha za vidole zimevimba. "Daktari, akikimbia kidogo tu anachuchumaa," mama ananiambia. "Kwenye zahanati walisema ni pumu." Miaka miwili amepewa dawa ya pumu.

Nawageukia wanafunzi wangu. Mama huyu aliuona ugonjwa kabla yetu. Mtoto akichuchumaa, mishipa ya miguu hubanwa, shinikizo mwilini hupanda, na damu iliyokuwa ikiyakwepa mapafu husukumwa huko. Hakuna aliyemfundisha mtoto kufanya hivyo. Ni tetralojia ya Fallot, iliyopewa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888: tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, njia nyembamba ya kwenda mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu, na msuli mnene upande wa kulia.

Saa 3:00, chumba cha upasuaji. Mashine inashika kazi ya moyo na mapafu. Dawa yenye potasiamu inaingia, moyo unatulia tuli. Napunguza msuli unaoziba njia, kisha naziba tundu kwa kiraka nilichokata kwenye utando unaofunika moyo wake mwenyewe. Ukingo wa chini ndio unaonitoa jasho: hapo hupita njia ya umeme wa moyo, na uzi ukiibana, mapigo huvurugika. Sindano ni ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Namwonyesha mwanafunzi pa kupita na pa kuepuka, mshono kwa mshono.

Saa 7:20 mchana tunaachia klempu, kibanio kilichofunga mshipa mkuu. Moyo unatetemeka, unasita, unapiga.

Matoke yamepoa, nayala hivyo hivyo. Saa 10:00 ni darasa. Karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo mikono yangu miwili haitoshi hata siku moja. Nafundisha kwa sababu hiyo.

Saa 12:30 jioni, chumba cha wagonjwa mahututi. Mama ananawa mikono, anasogea kitandani polepole. Anakishika kidole cha binti yake, anakilaza kando ya chake, anatazama rangi ya kucha kwa muda mrefu.

"Zinafanana, daktari."

"Zinafanana, mama."